Majilio na swali la mtoto: Atakuja lini?



Juma hili nilipita Kariakoo kwa shughuli zangu nikajikuta nimekwama katikati ya umati. Mitaa imejaa mali za sikukuu: magauni ya watoto yenye marinda, suti ndogo za vipande vitatu, viatu vinavyowaka taa mtoto akikanyaga. Pembeni ya meza moja, mama mmoja alikuwa amemsimamisha mwanawe juu ya kigoda akimpima viatu. Muuzaji akatoa vilivyomkaa sawasawa. Mama akakataa. Akataka namba inayofuata, ili vimfae na mwakani.

Nilisimama pale nikatafakari. Mama yule hakuwa na fedha za kuchezea, maana alibishania shilingi mia tano kwa dakika kumi nzima. Lakini aliponunua kiatu kikubwa kuliko mguu alikuwa anasema jambo zito bila kulitamka. Alikuwa anasema kwamba mwakani upo, na kwamba mtoto huyu atakua. Basi nikasema moyoni, kumbe hata gengeni watu wanahubiri.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu msikilizaji mmoja amenipelekea ujumbe ambao umenikosesha usingizi. Sitalitaja jina lake. Anasema hivi: "Mzee, kila ifikapo Desemba mnatuambia Majilio ni wakati wa tumaini, tena mnatutaka tuwe na imani kama ya watoto wadogo. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na mbili. Nimepunguzwa kazi, nimemzika mke, na mtoto wangu wa kwanza hapokei simu yangu. Hiyo imani ya mtoto nitaitoa wapi?"

Swali hilo ni la haki, nami sitaki kulijibu kwa maneno matamu. Kwanza tuelewane juu ya hayo Majilio yenyewe, maana wengi tunayaimba bila kuyajua, na wasomaji wengine si Wakristo.

Neno Majilio limetokana na kuja. Ni tafsiri ya neno la Kilatini *adventus*, ambalo Warumi wa kale walilitumia walipokuwa wakisema habari za kuingia kwa mfalme mjini. Barabara zilifagiliwa, malango yakapambwa, watu wakatoka nje kumlaki. Kanisa likalichukua neno hilo likalitumia kwa ujio wa mfalme mwingine, ambaye alipokuja hakupata hata chumba katika nyumba ya wageni.

Majilio huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, ambayo ni sikukuu ya Mtakatifu Andrea. Kwa hiyo hayawezi kuanza kabla ya tarehe 27 Novemba wala baada ya tarehe 3 Desemba. Jumapili zake ni nne daima, lakini siku zake hazilingani kila mwaka. Krismasi ikiangukia Jumapili, Majilio huwa na siku 28 kamili. Ikiangukia Jumatatu, huwa siku 22 tu, kwa sababu Jumapili ya nne na mkesha wa Krismasi huwa siku ileile moja.

Hapo zamani kipindi hiki kilikuwa kirefu zaidi, tena cha kufunga. Katika karne ya 6, huko Gaul, nchi ambayo leo ni Ufaransa, maaskofu waliagiza watu wafunge siku tatu kwa juma tangu sikukuu ya Mtakatifu Martino, tarehe 11 Novemba, mpaka Krismasi. Jirani zetu Wakristo wa Orthodoksi wa Ethiopia wangali wanafunga siku zipatazo 43 kabla ya Krismasi yao ya tarehe 7 Januari. Kwetu sisi kufunga kumepotea, lakini dalili zake zimesalia. Padri au mchungaji huvaa zambarau. Katika misa ya Kikatoliki utenzi wa Utukufu hauimbwi Jumapili za Majilio. Unahifadhiwa mpaka usiku wa Krismasi, kama nguo mpya iliyofungiwa kabatini.

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: Majilio hayaanzi kwa habari za hori na wachungaji wa kondoo. Jumapili ya kwanza husomwa habari za mwisho wa dunia na amri ya kukesha. Kanisa la Magharibi linatazama pande mbili kwa mara moja, nyuma kwa yule aliyekuja Bethlehemu, na mbele kwa yule atakayekuja tena. Bernard wa Clairvaux, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 12, aliongeza ujio wa tatu ulio katikati ya hiyo miwili, nao ni ule wa kila siku, wa siri, ndani ya moyo wa mtu. Mbiu ya mgambo hupigwa kwa ajili ya ujio wa kwanza na wa mwisho, lakini huo wa katikati huingia kimya.

Ndugu zangu Waislamu hawatapata taabu kuelewa hali hii. Jioni ya tarehe 29 ya Shaabani watoto hukimbilia mahali pa wazi, macho yameelekea magharibi, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kuuona mwezi. Mtoto anayeangalia mwezi hana shaka kwamba mwezi utaandama. Anachotaka kujua ni kama ni leo au ni kesho.

Tushike hapo hapo, maana ndipo lilipo jibu ninalolitafuta.

Makanisani mwetu siku hizi huwekwa shada la majani mabichi lenye mishumaa minne. Kila Jumapili huwashwa mmoja zaidi. Watu wengi hudhani desturi hiyo ni ya tangu enzi za Mitume. La hasha. Ilianzia katika mji wa Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, na ilianza kwa sababu ya watoto waliochoka kungoja.

Hamburg ilikuwa mji wa bandari, kama Dar es Salaam yetu. Palikuwa na utajiri mwingi gatini na ufukara mwingi vichochoroni, na watoto walilala nje na kuiba ili wale. Kijana mmoja wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, aliyezaliwa mwaka 1808, aliijua shida hiyo kwa nafsi yake. Alifiwa na baba akiwa na umri wa miaka 15, akawa anafundisha watoto wa watu ili kuwasaidia mama na wadogo zake. Mwaka 1833 alihamia na mama yake katika nyumba kuukuu iliyoitwa Rauhes Haus, nje kidogo ya mji, akaanza kuwapokea wavulana wa mitaani. Hakuwafungia kama wafungwa. Aliwagawa katika makundi madogo, kila kundi likiishi kama familia yenye mlezi wake, wakajifunza kusoma na kushika kazi ya mikono.

Desemba ilipofika, watoto wale walikuwa wakimsumbua kila siku kwa swali moja: Krismasi ni lini? Ni leo? Mwaka 1839 Wichern akachukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akalipanga mishumaa midogo myekundu kwa siku za kawaida na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili. Kila siku ukawashwa mmoja. Sasa mtoto asiyejua kuhesabu aliweza kuona kwa macho yake kwamba giza linapungua na siku inakaribia. Baadaye gurudumu likazungushiwa majani mabichi, mishumaa ikapunguzwa ikabaki minne, na desturi ikaenea. Katika miaka ya 1920 ikaingia pia katika makanisa ya Kikatoliki ya Ujerumani, na kutoka huko ikatembea duniani.

Angalia basi, ndugu msikilizaji. Shada hili tunaloliona limepambwa madhabahuni asili yake ni kifaa cha kuwajibu watoto maskini waliouliza "lini?". Wala hawakuwa watoto waliodekezwa, wasioijua dunia. Walikuwa wameijua njaa, baridi na viboko kuliko maaskofu wengi. Pamoja na hayo waliuliza "lini", hawakuuliza "je, ipo?".

Hapo naona kosa letu la kwanza. Tukisikia "imani ya mtoto" tunafikiri ni imani ya mtu asiyejua mabaya. Kisha tunasema, mimi nimeyaona mabaya, kwa hiyo mlango huo nimefungiwa. Katika Mathayo sura ya 18 Yesu alimwita mtoto akamsimamisha katikati ya wanafunzi wake. Tukumbuke walikuwa wakibishana juu ya nini: walikuwa wakibishana nani mkubwa. Hakumweka mtoto pale kwa sababu watoto hawana hila. Yeyote aliyelea watoto anajua hila wanazo tele. Alimweka kwa sababu mtoto hana cheo, hana akiba, hana wa kumtisha. Akipewa anapokea. Akinyimwa analia wazi, kisha anaomba tena.

Kuna utoto, na kuna moyo wa mtoto, na hivyo viwili havifanani. Aliyelijua hilo vizuri ni Teresa wa Lisieux, yule sista Mfaransa ambaye Wakatoliki humwita Teresa wa Mtoto Yesu. Alifiwa na mama akiwa na miaka minne, akakua mwepesi wa kulia kwa kila jambo dogo. Usiku wa Krismasi ya mwaka 1886, akiwa anakaribia miaka 14, walirudi nyumbani kutoka misa ya usiku. Viatu vyake vilikuwa vimewekwa mekoni, vimejazwa zawadi kama desturi ya watoto wa kwao. Baba yake alikuwa amechoka, akasema kwa uchungu kwamba afadhali huu ni mwaka wa mwisho wa mambo hayo. Binti alikuwa anapanda ngazi, akayasikia. Dada yake alijua kinachofuata ni kilio. Lakini Teresa alifuta machozi, akashuka, akafungua zawadi moja moja kwa furaha mbele ya baba yake mpaka mzee naye akachangamka.

Mwenyewe aliuhesabu usiku ule kuwa ndio alipoagana na utoto. Na ajabu ni kwamba binti huyohuyo aliyeacha utoto ndiye aliyekuja kuwafundisha watu njia ya kumtegemea Mungu kama mtoto mdogo. Hakuifundisha akiwa kwenye raha. Alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1897, akiwa na miaka 24, na miezi yake ya mwisho kama 18 aliipitisha katika giza la kutoiona mbingu kabisa. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Basi moyo wa mtoto huweza kukaa ndani ya mtu mzima aliyeacha kudeka.

Baada ya hayo ya vitabuni, sina budi kueleza ya nyumbani kwangu, maana somo hili mimi nilifundishwa kwa aibu.

Miaka michache iliyopita mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alikwenda Oman kufanya kazi za ndani. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Alituachia mwanawe wa kiume, wakati huo akiwa na miaka sita. Siku aliyoondoka, mwezi wa pili, mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Usiku wa tatu nilimchukua mapajani nikamwambia, "Nyamaza, mjukuu wangu. Mama atakuja Krismasi."

Akanyamaza. Mimi nikaenda kulala nikiwa na amani, nikijipongeza. Nilikuwa nimemdanganya. Mkataba nilikuwa nimeusoma mwenyewe, na ulisema miaka miwili. Lakini Krismasi ilikuwa mbali, na mimi nilijua watoto husahau.

Hakusahau. Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwalimu wa shule ya Jumapili aliwaonyesha watoto shada, akawaambia mishumaa yote minne ikiwaka basi Krismasi imefika. Mwalimu alisema kweli. Lakini mtoto wangu alipiga hesabu zake. Alirudi nyumbani anakimbia, akaniambia, "Babu, imebaki mitatu mama aje."

Jumapili ya pili akaniambia, "Imebaki miwili." Nami nikajikuta kanisani siwezi kuitazama ile mishumaa. Watu wengine waliimba, mimi nilikuwa nahesabu kama mdaiwa anayeona tarehe ya deni inakaribia. Usiku niliingia chumbani kwake kufunga dirisha nikamkuta amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, karibu aanguke. Nikamsogeza katikati. Kesho yake nikamkuta ukingoni tena. Nikamwuliza mke wangu kama mtoto ana tatizo gani. Akanijibu, "Huna habari? Anamwachia mama yake nafasi."

Ndugu msikilizaji, nimepata mashtaka mengi katika maisha yangu, lakini hakuna lililonichoma kama ile nafasi tupu kitandani.

Jumapili ya tatu baada ya ibada nilimketisha barazani nikamwambia ukweli. Nikasema mama hatakuja Krismasi hii, kazi yake haijaisha, na kwamba nilijua tangu mwanzo. Alinitazama muda mrefu. Sikujua atafanya nini. Kisha akasema maneno mawili tu: "Babu, ulisema."

Sikuwa na jibu. Baadaye akauliza, "Sasa atakuja lini?" Nikamwambia, "Sijui mwezi gani. Atakuja kazi ikiisha." Akaondoka. Siku mbili hakusema nami. Shikamoo alinipa, maana alifundishwa adabu, lakini kingine chochote hakuna.

Niliona wazi jambo ambalo sikulitegemea. Mtoto yule hakumshuku mama yake hata kidogo. Hakuuliza kama bado anampenda, wala kama amewasahau. Aliyepoteza heshima mbele yake ni mimi niliyempa tarehe ya uongo. Tumaini lake halikuwa limefungwa kwenye tarehe. Lilikuwa limefungwa kwa mtu anayemjua, aliyembeba mgongoni, aliyemwogesha, aliyemwimbia. Tarehe ilipovunjika aliniacha mimi na tarehe yangu, akabaki na mama yake.

Na usiku ule, baada ya kuambiwa ukweli, alilala wapi? Ukingoni. Nikadhani hakunielewa. Siku tulipopatana nikamwuliza, "Nimekwambia mama haji Krismasi, mbona bado unalala pembeni?" Akanijibu kama anamjibu mtu mzito wa kuelewa, "Akija usiku je?"

Niliwahi kuisoma mara nyingi ile sura ya 13 ya Injili ya Marko, habari za mwenye nyumba aliyesafiri, na watumishi wasiojua kama atarudi jioni, usiku wa manane, jogoo akiwika, au alfajiri. Nimewahi hata kuizungumzia hapa redioni. Lakini sikuwa nimeielewa mpaka siku ile.

Luka ana watu wawili walioulizia habari za kuja. Zakaria, kuhani mzee, aliambiwa na malaika kwamba atapata mwana, akataka apewe cha kumhakikishia. Akapewa ububu mpaka siku mtoto alipopewa jina. Mariamu, binti wa Nazareti, aliambiwa jambo gumu zaidi, naye aliuliza pia. Lakini yeye hakudai dhamana. Aliuliza jambo lile litafanyikaje kwa hali aliyokuwa nayo. Basi kuuliza si kosa. Mtoto huuliza kutwa nzima. Tofauti ni kama unauliza ukiwa umeufunga mlango, au umeuacha wazi.

Lakini najua yule msikilizaji wangu wa miaka hamsini na mbili atasema: Mzee, wako alikuja, au utatuambia alikuja. Na ambao hawaji je? Naam, hilo haliwezi kukwepwa. Mjini humu kuna mama aliyengoja mwana akaletewa sanduku. Kuna anayengoja mtu aliyepotea bila kaburi. Mtu kama huyo ukimwambia "tumaini tu", unamfanya kama nilivyomfanya mjukuu wangu usiku wa tatu.

Kwa ajili yake nawataja watu wawili walioyapitisha Majilio gerezani. Wa kwanza ni Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri aliyempinga Hitler. Alikamatwa mwezi Aprili 1943, akawekwa gereza la Tegel mjini Berlin. Novemba mwaka huo alimwandikia rafiki yake kwamba chumba cha gereza kinafanana vizuri na Majilio: mtu anangoja, anatumaini, anajishughulisha na hiki na kile, lakini mlango umefungwa na hauwezi kufunguliwa ila kutoka nje. Wa pili ni padri Mjesuiti, Alfred Delp, aliyekuwa Tegel Desemba ya mwaka 1944. Aliandika tafakari zake za Majilio mikono ikiwa na pingu, na karatasi zikatolewa gerezani kwa siri pamoja na nguo za kufuliwa.

Wote wawili mlango haukufunguliwa kama walivyotaka jamaa zao. Bonhoeffer alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945, majuma machache tu kabla ya vita kwisha Ulaya. Delp aliuawa tarehe 2 Februari 1945. Hiyo ndiyo siku ambayo Kanisa humkumbuka mzee Simeoni akimpokea mtoto Yesu mikononi hekaluni, mzee aliyengoja maisha yake yote, na pembeni yake Ana, mjane anayetajwa kwa miaka 84. Simeoni hakuona Israeli ikikombolewa. Hakuona Warumi wakiondoka. Alichokiona ni mtoto mchanga wa watu maskini, akaridhika kufa. Ukitaka kuijua imani ya mtoto, usiitafute kwa watoto tu. Angalia pia wazee hao wawili.

Kwa hiyo nakujibu hivi, ndugu yangu. Sikuambii kwamba kazi itarudi, au kwamba simu itapokewa Krismasi hii. Kukupa tarehe siwezi, na nimeapa kutotoa tena tarehe nisizozijua. Nakuambia tu kwamba moyo wa mtoto si kutoyajua mabaya. Wale wavulana wa Hamburg waliyajua. Teresa aliyajua. Moyo wa mtoto ni kuendelea kuacha nafasi. Piga simu tena, si kila siku, lakini piga, na mwanao ajue namba yako ni ileile. Jumapili washa mshumaa mmoja, hata kama moyo hauimbi. Na kama huwezi kuwasha wako, nenda ukakae karibu na aliyewasha.

Kwetu sisi wazazi na walezi nina maneno mawili. La kwanza, tuache kuwanyamazisha watoto kwa ahadi za uongo. Mtoto anajifunza kumwamini Mungu kwanza kwa kutazama kama neno la baba, la mama na la babu linasimama. Ukimwahidi nguo ya sikukuu na huna, mwambie huna. Atalia leo, lakini kesho atakuamini. La pili, tukumbuke kwamba mlango unaofunguka kutoka nje, mara nyingi mkono unaoufungua ni wa jirani. Wichern hakuwaambia watoto wa mitaani watumaini. Aliwafungulia nyumba kwanza, mishumaa ikafuata miaka sita baadaye.

Mpwa wangu alirudi. Haikuwa Krismasi ile, wala Krismasi iliyofuata. Alirudi mwezi wa tatu, siku ya Jumanne isiyo na sikukuu yoyote, na ndege ilichelewa. Tulipofika nyumbani ilikuwa yapata saa saba za usiku. Mtoto alikuwa amelala. Nafasi haikuwa kubwa kama zamani, maana alikuwa amekua, lakini ilikuwapo. Mama yake akavua viatu akajilaza palepale na nguo zake za safari.

Asubuhi mtoto aliona haya, akamwamkia "shikamoo" kama mgeni, akajificha nyuma ya mlango wa jikoni. Ilichukua siku tatu kuzoeana. Siku ya nne alinijia barazani, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi, "Babu, si nilikwambia? Amekuja usiku."

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, niwatakie Majilio mema. Panapo majaliwa tutakutana tena juma lijalo.